Uvuvi na Hifadhi ya Bahari Kisiwani Mafia

Tafuta ramani ya Tanzania, kisha weka kidole chako mahali mto Rufiji unapoingia baharini. Utaona kwamba mto huo haumwagi maji yake kwa mlango mmoja, bali hugawanyika katika matawi mengi yapitayo kati ya mikoko. Sasa sogeza kidole upande wa mashariki, uvuke maji. Hapo ndipo kilipo kisiwa cha Mafia. Karibu yake viko visiwa vidogo, na baadhi yake ni Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Wenyeji wa huko hupanda minazi na mihogo pale udongo unaporuhusu, lakini wengi wao hutegemea bahari. Jibondo, kwa mfano, ni kisiwa cha mwamba chenye udongo haba, na watu wake wamejulikana tangu zamani kwa uvuvi na kwa kuunda vyombo vya majini.

Mwaka 1995 Serikali iliitangaza sehemu kubwa ya bahari hiyo, pamoja na visiwa vilivyomo, kuwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia. Eneo la hifadhi hiyo ni kilomita za mraba 822, na sehemu kubwa ya eneo hilo ni maji.

Huenda umekwisha kusoma habari za Serengeti. Ndani ya hifadhi ya Serengeti hakuna vijiji, wala hairuhusiwi mtu kuwinda. Hifadhi ya Mafia si kama hiyo. Ndani ya mipaka yake vimo vijiji, misikiti, shule na mashamba, na kila siku wavuvi hutweka matanga wakaenda kutafuta kitoweo. Basi utauliza: ikiwa watu wanavua ndani yake, hifadhi ni nini? Na ikiwa ni hifadhi, watu watakula nini? Maswali hayo mawili ni mazito, nasi tutayatafutia majibu katika sura hii. Tuanze na bahari yenyewe.

Nyumba ya samaki

Mtu akisimama ufukweni huona maji tu, naye hudhani kuwa samaki wametapakaa kila mahali sawasawa. Sivyo. Sehemu kubwa ya bahari ni kama jangwa, samaki ni wachache. Samaki wengi wa pwani hukusanyika penye chakula na maficho, yaani penye miamba ya matumbawe, penye nyasi za bahari, na penye mikoko.

Matumbawe huonekana kama mawe, lakini hujengwa na wanyama. Ni wanyama wadogo sana, laini, wenye mikono mifupi izungukayo mdomo. Kila mmoja hujijengea kikombe cha chokaa cha kukalia. Akifa, kikombe hubaki, na wengine hujenga juu yake. Ndani ya miili ya wanyama hao huishi mimea midogo mno isiyoonekana kwa macho. Mimea hiyo hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na sehemu ya chakula hicho humpa mwenyeji wake. Ndiyo sababu matumbawe ya pwani yetu hustawi katika maji safi yasiyo na kina kirefu, ambamo jua hupenya.

Kazi hiyo ya ujenzi huenda polepole sana. Yako matumbawe yenye umbo la donge kubwa la mviringo ambayo huongezeka kwa kadiri ya sentimita 1 tu kwa mwaka. Fanya hesabu mwenyewe: donge lenye kimo cha mita 2 limechukua miaka mingapi kukua? Jibu lako litakuwa kama miaka 200. Mtu akilipua baruti juu ya donge hilo, kazi ya miaka 200 huvunjika kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Katika mwamba kila kiumbe ana kazi yake. Pono ana meno yaliyoungana kama mdomo wa kasuku, naye hukwangua majani membamba yaotayo juu ya mawe. Kangaja naye hula majani hayo. Wasipokuwapo hao, majani hufunika mawe, na matumbawe machanga hukosa mahali pa kushika. Chewa hujificha pangoni akavizia samaki wadogo. Kisha yuko kikande, samaki mwenye ngozi ngumu na meno yenye nguvu. Yeye hupenda kula wale viumbe wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi, ambao bila shaka wanajulikana na kila mtoto wa pwani aliyewahi kuwakanyaga.

Wavuvi wengi hawamthamini sana kikande. Lakini wataalamu walioichunguza miamba ya Kenya na Tanzania wameona jambo la ajabu. Mahali ambapo vikande wamevuliwa mno, viumbe wa miiba huongezeka kupita kiasi. Hao hukwangua mwamba usiku na mchana, hata mwamba wenyewe ukaanza kulika. Samaki hukosa maficho, wakahama. Hivyo mvuvi aliyemtoa kikande asiyemthamini amempoteza na changu aliyemthamini sana, ijapokuwa hakukusudia.

Mtego unaochagua na mtego usiochagua

Zana za uvuvi hazifanani. Mshipi wenye ndoana humshika samaki mmoja mmoja, na ndoana kubwa haiwezi kuingia katika kinywa cha samaki mchanga. Dema ni mtego uliosukwa, wenye mlango mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki huingia wakiwa hai, na mvuvi akiuinua mtego aweza kuwarudisha baharini wale walio wadogo. Lakini dema lenye matundu madogo mno, au lililotupwa ovyo juu ya matumbawe, nalo huleta hasara.

Nyavu huhukumiwa kwa ukubwa wa matundu yake. Wavu wa matundu makubwa huwapitisha watoto ukawazuia wazazi. Wavu wa matundu madogo huzuia wote. Kokoro ni kubaya zaidi, kwa kuwa huburutwa chini, kukang'oa nyasi za bahari na kuvunja matumbawe, kisha kukaleta pwani samaki wadogo ambao wengine hawatoshi hata kukaangwa.

Utupa na sumu nyingine huua viumbe wakubwa na wadogo pamoja. Baruti huua kila kilicho karibu, na samaki wengi waliokufa huzama wasiokotwe. Uvuvi wa sumu na wa baruti umekatazwa na sheria ya Tanzania, wala haukatazwi kwa ajili ya samaki peke yao. Wako wavuvi waliopoteza mikono, macho na maisha yao. Ukikuta ufukweni kitu usichokijua, usikiguse. Mwite mtu mzima.

Kwa nini samaki mkubwa ni hazina

Chukua samaki wawili wa aina moja, mmoja ana urefu wa sentimita 20 na wa pili sentimita 40. Mtu mwenye haraka atasema kuwa wa pili ni mkubwa mara mbili. Lakini samaki hakui kwa urefu tu. Hukua pia kwa unene na kwa kimo cha mwili. Basi tunazidisha 2 mara 2 mara 2, tunapata 8. Samaki wa pili ana uzito wa mara 8 hivi ya wa kwanza.

Mayai ya samaki hukaa tumboni, na tumbo kubwa huchukua mayai mengi. Kwa hiyo samaki jike wa sentimita 40 aweza kutoa mayai mara 8 au hata zaidi ya yule wa sentimita 20. Tena huenda yule mdogo hajafikia umri wa kutaga kabisa. Sokoni, samaki mmoja mkubwa aweza kuuzwa kwa bei sawa na fungu la wadogo. Baharini, hakuna fungu la wadogo liwezalo kufanya kazi yake.

Shida ni kwamba samaki mkubwa ndiye kila mvuvi amtafutaye, na ni haki yake kumtafuta. Pasipo mahali ambapo baadhi ya samaki wakubwa huachwa wazeeke, hawatabaki. Hapo ndipo tunapofikia maana ya kufunga sehemu ya bahari.

Jaribio: bahari ya maharage

Jaribio hili hufanywa na wanafunzi wawili wawili. Tafuta sahani, kikombe, na maharage 40 hivi. Maharage ndiyo samaki, na sahani ndiyo bahari.

Mchezo wa kwanza. Tia maharage 20 katika sahani. Kila mwaka mvuvi hutoa maharage 10, au yote ikiwa hayafiki 10. Baada ya kuvua, yaliyobaki huzaa: kwa kila maharage mawili, ongeza moja. Ukibaki na moja lisilo na mwenzake, halizai. Andika hesabu yako ya kila mwaka.

Utaona hivi. Mwaka wa 1 mvuvi anapata 10, yanabaki 10, yanazaa 5, jumla 15. Mwaka wa 2 anapata 10, yanabaki 5, yanazaa 2, jumla 7. Mwaka wa 3 anapata 7, na sahani ni tupu. Mwaka wa 4 mvuvi anarudi nyumbani mikono mitupu, na mwaka wa 5 vilevile. Kwa jumla amevua 27.

Mchezo wa pili. Anza tena na maharage 20, lakini 8 kati yake yaweke katika kikombe, na kikombe ukiweke katikati ya sahani. Kikombe ni sehemu iliyofungwa. Mvuvi haruhusiwi kutoa kitu kikombeni. Nje ya kikombe avue kama kwanza, yaani 10, au yote ikiwa hayafiki 10. Maharage yote, ya ndani na ya nje, huzaa kwa kanuni ileile. Kikombe hakiwezi kuchukua zaidi ya 8. Yanayozidi hutoka nje.

Mwaka wa 1 mvuvi anapata 10. Yanabaki 2 nje na 8 ndani, jumla 10. Yanazaa 5, yanakuwa 15, na 7 yako nje. Mwaka wa 2 anapata hayo 7. Yanabaki 8 ya kikombeni, yanazaa 4, na hayo 4 yanatoka nje. Mwaka wa 3 anapata 4. Mwaka wa 4 anapata 4. Mwaka wa 5 anapata 4. Jumla ya miaka mitano ni 29, na mwaka wa 6 yako 4 mengine yanamngoja.

Usiharakishe kufunga daftari. Tazama tena mwaka wa 2 na mwaka wa 3. Katika mchezo wa kwanza mvuvi alipata 10 na 7, lakini katika mchezo wa pili alipata 7 na 4 tu. Maana yake ni kwamba katika miaka hiyo miwili kikombe kilimpunguzia chakula. Faida ilikuja baadaye. Mvuvi mwenye akiba nyumbani aweza kungoja. Mvuvi ambaye watoto wake wanangoja sufuria ya leo jioni hawezi kuambiwa kwa wepesi kwamba avumilie hadi mwaka wa 5. Watu wengi wanaosifu hifadhi husahau miaka hiyo miwili, mvuvi haisahau.

Mchezo wa tatu nakuachia wewe. Usitumie kikombe, ila mvuvi atoe maharage 5 tu kila mwaka. Linganisha matokeo na michezo miwili ya kwanza.

Bila shaka bahari ya kweli si sahani. Samaki hawazai kwa kanuni rahisi hivyo, chakula chao kina kikomo, na wengine huliwa na wenzao. Tena si samaki wote wanaokaa kikombeni. Chewa na pono hukaa karibu na mwamba wao, hivyo mwamba ukifungwa wanalindwa. Nguru na jodari husafiri mbali; mwamba mmoja uliofungwa hauwalindi sana, kwani leo wako hapa na kesho wako kwingine. Kwao hao hulazimu kuweka kanuni za zana na za kiasi, tena kwa mapatano ya nchi jirani.

Lakini jambo moja la sahani ni la kweli: yanayozidi hutoka nje. Mwamba uliofungwa ukijaa, samaki huanza kugombea chakula na mapango, na baadhi yao huhamia miamba ya jirani. Mayai na samaki wachanga nao huchukuliwa na mikondo ya maji hadi mbali. Ndiyo maana katika nchi nyingi utawaona wavuvi wenye maarifa wakipenda kuvua karibu na mpaka wa sehemu iliyofungwa.

Jinsi bahari ya Mafia ilivyogawanywa

Hifadhi ya Mafia imegawanywa katika kanda za namna tatu. Kanda ya kwanza ni ya ulinzi kamili. Humo hairuhusiwi kuvua kwa zana yoyote, na hiyo ndiyo mfano wa kikombe chetu. Mwamba wa Kitutia umo katika ulinzi wa namna hiyo. Wageni waweza kuogelea na kutazama, na ada wanazolipa husaidia kazi ya hifadhi na ya vijiji.

Kanda ya pili ni ya matumizi maalum. Humo wenyeji huvua, lakini kwa zana zisizoharibu, kama vile mshipi na dema. Nyavu za kuburuta hazitakiwi. Kanda ya tatu ni ya matumizi ya kawaida, na ndiyo iliyo kubwa. Hata hivyo, neno "kawaida" lisikudanganye. Baruti, sumu na kokoro haviruhusiwi hata huko, na mvuvi atokaye nje ya hifadhi huhitaji kibali.

Tena wavuvi wa huko walisaidiwa kubadilisha nyavu za matundu madogo wapate zana nyingine. Jambo hilo lafaa kuangaliwa. Kumnyang'anya mtu wavu wake ni rahisi, lakini usipompa njia nyingine ya kupata kitoweo, atatafuta wavu mwingine na kuutumia usiku.

Sheria peke yake haiogelei baharini. Mwaka 1975 visiwa vya Bongoyo, Mbudya na Pangavini pamoja na Fungu Yasini, karibu na Dar es Salaam, vilitangazwa kuwa maeneo tengefu ya bahari. Kwa miaka mingi maeneo hayo yalikosa walinzi, boti na fedha za mafuta. Baruti ziliendelea kulia, na matumbawe yakaendelea kuvunjika, ijapokuwa kwenye karatasi yalikuwa yamehifadhiwa. Kenya ilikuwa imetangulia kwa kuanzisha hifadhi za Malindi na Watamu mwaka 1968, nazo zililindwa kwa nguvu zaidi. Lakini huko pia wavuvi waliokuwa wakitumia miamba hiyo ilibidi watafute mahali pengine.

Mafia nako si wote waliofurahi. Wako waliouliza kwa nini wafungiwe maji ambayo baba na babu zao walivua, huku mgeni akiruhusiwa kuogelea humo kwa kujifurahisha. Swali hilo ni la haki. Jibu lake halipatikani katika kitabu cha sayansi peke yake, kwani sayansi huonyesha samaki wangapi watazaliwa, lakini haiamui ni nani apunguziwe chakula wakati wa kungoja. Hilo huamuliwa na watu wakikaa pamoja, na katika baraza hilo mvuvi awemo tangu mwanzo, asiitwe mwishoni kuambiwa tu.

Pweza na mwamba unaofungwa kwa muda

Iko njia nyingine ya kuhifadhi ambayo inaumiza kidogo zaidi kuliko kufunga mwamba daima. Njia hiyo ni kuufunga kwa miezi michache, kisha kuufungua. Kiumbe aliyeifanya njia hii ijulikane katika pwani yetu ni pweza.

Pweza ana mikono minane, mioyo mitatu, na damu ya rangi ya buluu. Hana mfupa hata mmoja, hivyo huweza kupenya katika tundu dogo la mwamba. Hula kaa na kombe, akaacha maganda mbele ya shimo lake, na maganda hayo ndiyo yanayomfichua kwa mvuvi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mno na mwamba huwa wazi. Hapo akina mama, vijana na wazee hutembea kwa miguu juu ya mwamba na fimbo au chuma chenye ncha, wakichungulia mashimo. Kazi hiyo haihitaji chombo wala nyavu za fedha nyingi, na kwa sababu hiyo ni msaada mkubwa kwa mama asiye na ngalawa.

Maisha ya pweza ni mafupi. Kwa kawaida huishi kadiri ya mwaka mmoja au zaidi kidogo. Lakini katika muda huo hukua kwa kasi kubwa. Pweza mdogo wa leo, akiachwa miezi miwili au mitatu, huongezeka uzito mara kadhaa. Jike hutaga mara moja tu katika maisha yake. Huyatundika mayai yake maelfu kwa maelfu katika dari ya pango, akayalinda, akayapulizia maji safi, naye wakati huo hali chakula. Yakianguliwa, yeye hufa. Ukimtoa jike huyo pangoni kabla ya mayai kuanguliwa, mayai hayo hayana mlinzi mwingine.

Mwaka 2004 kijiji cha Andavadoaka, kusini-magharibi ya Madagaska, kiliamua kufunga sehemu ya mwamba wake wa pweza kwa muda wa miezi 7. Mwamba ulipofunguliwa mwaka 2005 walikuta pweza wakubwa kuliko wale waliowazoea. Habari hizo zilienea, vijiji vingine vikaiga. Katika Tanzania njia hiyo imetumiwa na vijiji kadhaa vya Pemba, Unguja, Songosongo na kwingineko, aghalabu kwa miezi mitatu hivi. Kanuni za uvuvi za Tanzania nazo hukataza kuvua pweza mwenye uzito wa chini ya gramu 500.

Kufunga ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni siku ya kufungua. Siku hiyo watu wengi hushuka mwambani pamoja, na wageni huja kwa vyombo kutoka mbali kwa kuwa wamesikia habari. Kama hapana utaratibu, pweza waliolindwa miezi mitatu humalizika katika bamvua moja, matumbawe hukanyagwa, na bei hushuka kwa kuwa kila mtu anauza siku ileile. Kwa hiyo ni lazima kijiji kipatane mapema: nani ataingia, kwa siku ngapi, na ni nani atakayepima. Tena wapatane juu ya yule mama ambaye mwamba uliofungwa ndio ulio karibu na nyumba yake. Mwenye ngalawa atakwenda mwamba mwingine. Yeye atakwenda wapi? Vijiji vilivyofaulu huchagua mwamba mmoja wa kufunga, vikaacha mingine wazi.

Jambo ambalo hifadhi haiwezi kulizuia

Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida. Matumbawe yanapopata joto kali huipoteza ile mimea midogo ikaayo ndani yake, yakawa meupe. Hali hiyo ikidumu, hufa kwa njaa. Matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalikufa mwaka huo, na ya Mafia yalikuwamo. Mipaka ya hifadhi haikusaidia kitu, kwani joto haliombi kibali. Hata hivyo, mwamba ulio na pono na kangaja wa kutosha husafishwa majani, na matumbawe machanga hupata pa kushika tena. Mwamba uliovuliwa hadi ukawa mtupu hauna wafanyakazi hao.

Maswali na kazi ya kufanya

1. Eleza kwa maneno yako jinsi kumvua kikande kwa wingi kunavyoweza kupunguza changu.

2. Samaki mmoja ana urefu wa sentimita 15, na mwingine wa aina hiyohiyo sentimita 45. Wa pili ana uzito wa mara ngapi ya wa kwanza?

3. Rudia mchezo wa pili, lakini weka maharage 4 tu kikombeni. Kisha rudia na maharage 12. Kikombe kipi kinampa mvuvi chakula kingi zaidi kwa miaka mitano? Kipi kinampa kichache zaidi mwaka wa 1?

4. Kwa nini kufunga mwamba mmoja mdogo kunawafaa chewa kuliko nguru?

5. Nenda sokoni, au mahali ambapo samaki huuzwa, ukiwa na rula. Omba ruhusa kwa adabu, kisha pima urefu wa samaki kumi wa aina moja. Andika pia jina la zana iliyowavua, kama muuzaji anaijua. Ikiwa unakaa karibu na ziwa, fanya hivyo kwa sato au sangara.

6. Kijiji kimoja kina miamba mitatu. Wa kwanza uko karibu na nyumba, na hufikiwa kwa miguu. Wa pili una pweza wengi lakini hufikiwa kwa ngalawa tu. Wa tatu umevunjwa na baruti. Kijiji kinataka kufunga mmoja kwa miezi mitatu. Gawanyikeni katika makundi manne: akina mama wavuao kwa miguu, wenye ngalawa, wanunuzi wa pweza, na walinzi wa hifadhi. Kila kundi liseme lingechagua mwamba upi, na kwa sababu gani. Kisha mjaribu kupatana.